Kopo la Senene Lililokwenda kwa Mutabazi

Batsinda, Kigali
18 Novemba 2024

Shangazi yangu Febronia,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo Kamachumu. Mimi naendelea. Ofisini kwetu Gisimenti mizigo ya kutoka Dar imekuwa mingi mwezi huu, na hakuna lori linaloachiwa na forodha mpaka karani wa uwakala awe amekagua karatasi zake zote. Karani huyo ni mimi, kwa hiyo siku zangu zinaishia mezani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hupokelewa na wajukuu, nao huweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Tena ni wewe uliyeniambia kwamba mambo ya uchumba hayapitishwi kwenye simu. Dereva wetu ataishusha bahasha hii Benako, na basi la Bukoba litaichukua hapo.

Ombi langu ni fupi. Tafadhali nenda kwa wazazi wa Jovina, uwaombe harusi isiwe Januari. Iwe baadaye. Tarehe sina kwa sasa. Waambie ni kazi.

Kopo la senene alilokupa Jovina unitumie lilifika salama. Wiki hiyo nilikuwa nimekatazwa vyakula vya mafuta, nikaona zisije zikaharibika, nikampa Mutabazi tunayekaa naye meza moja. Yeye ni Mnyarwanda aliyekulia Uganda, senene anazijua. Alilifungua palepale, akasema, "Fortu, hii kitu iko tamu kushinda nyama! Huyu alikaanga iko wapi, nimuoe?" Ofisi nzima ilicheka.

La mwisho ni swali tu. Ugonjwa wa marehemu Baba ulianzaje? Nakumbuka mwisho wake, maana nilikuwa mkubwa, niko chuo, lakini mwanzo siujui.

Ni mimi mwanao,
Fortunatus


Kamachumu
24 Novemba 2024

Fortunatus,

Marahaba. Jina lake nani?

Usinizungushe. Kijana aliyekwisha kujitambulisha, mahari imepokelewa, pombe ya rubisi imenywewa, anaandika kutoka Kigali kwamba harusi iwe "baadaye" na tarehe hana. Wewe ambaye tangu darasa la pili ulikuwa unaandika tarehe hata kwenye karatasi ya kufungia maandazi! Huyo mwanamke ni wa huko huko au naye ni mgeni kama wewe?

Halafu senene. Mawe, mama yangu! Mtoto wa Protas, umelelewa na nani? Jovina aliamka alfajiri siku zote za msimu kuzikamata, akazichambua mbawa na miguu moja moja, akazikaanga kwa mkono wake. Mchumba akikupa senene unazila, kisha unamletea kitenge. Hivyo ndivyo bibi yako alivyofanyiwa na ndivyo nilivyofanyiwa mimi. Na ukimpa mwanamume mwingine kopo ambalo hujalifungua, umempa na aliyekaanga. Hata mtoto wa shule hapa anajua. Nikikutana na Jovina baada ya misa ananiuliza kama chumvi ilitosha. Nimjibu nini? Kwamba Mutabazi amezisifu?

Kwa wazazi wake sijaenda. Siendi kusema "kazi."

Na swali lako la marehemu kaka yangu umelitupia mwishoni, kama mtu anayeuliza bei ya sukari akiwa ameshageuka kuondoka. Silijibu mpaka uniambie kwa nini unauliza. Na vyakula vya mafuta, ni nani aliyekukataza?

Shangazi yako,
Febronia


Batsinda, Kigali
2 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mwanamke hayupo. Ningependa awepo, ingekuwa rahisi zaidi kukueleza.

Nakuandikia mambo ambayo mtoto wa kiume hayasemi kwa mama yake. Lakini kwa desturi yetu shangazi ndiye anayeambiwa, kwa hiyo nakuambia.

Tangu kiangazi mkojo ulikuwa unanitoka kwa shida. Nilidhani ni kukaa sana kwenye kiti. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mwezi wa kumi tulikuwa tunazibua mtaro hapa mtaani, nikatoka mara kwa mara kwenda kusimama chooni bila mafanikio. Jioni yake mkojo ulifunga kabisa. Mutabazi ndiye aliyenipeleka hospitali, wakaniwekea mpira wa kutolea mkojo.

Walinipima kwa ultrasaundi, wakaona kitu nyuma ya kibofu. Wakanipeleka kwenye MRI, ile mashine unayoingizwa kama mkate kwenye tanuri, inagonga na kuunguruma, nawe umeambiwa usijitikise. Waliniwekea masharti ya chakula kabla yake, ili tumbo litulie na picha itoke safi. Ndiyo sababu sikula senene. Sikukumbuka mila hata kidogo, Shangazi. Nilikuwa nafikiria ile mashine.

Majibu yaliletwa kwenye simu yangu kabla sijamwona daktari, nikayasoma mwenyewe. Sisi makarani wa forodha tunasoma karatasi kuanzia chini, kwa sababu maelezo ya chini ndiyo yanayozuia mzigo. Nikaanza chini. Mstari wa mwisho ulisema saratani haiwezi kuondolewa kwenye orodha mpaka kipimo cha nyama, yaani kipande cha uvimbe wenyewe, kifanyike. Sikusoma mistari ya juu. Nilikaa kwenye ngazi za duka moja pale Remera mpaka mlinzi akaniuliza kama namngoja mtu.

Uvimbe uko kwenye tezi dume, Shangazi. Palepale pa Baba. Na kipimo cha damu kiko juu, kama cha Baba. Mimi nina miaka ishirini na tisa.

Daktari wa picha ni mama mmoja mpole, Dokta Kayitesi, aliyesoma Dodoma, kwa hiyo tunazungumza Kiswahili. Aliniuliza ugonjwa wa Baba ulianzaje na alikuwa na umri gani. Ndiyo maana nilikuuliza.

Jovina usimwambie. Nakuomba.

Fortunatus


Kamachumu
8 Desemba 2024

Mwanangu Fortu,

Nisamehe maneno ya barua iliyopita. Nimeisoma yako mara ya pili nikiwa jikoni, moto ukazimika.

Sikiliza habari za baba yako, umpelekee daktari. Ugonjwa ulimwanza amekwisha kupita sitini. Aliona aibu. Akawa anakwenda kukojoa mwisho kabisa wa migomba ili tusimsikie anavyohangaika, nasi tukadhani anakagua ndizi. Alikaa hivyo miaka. Hakuna aliyempiga picha wala kumtoa damu mpaka mgongo ulipoanza kumuuma, na walipompiga picha ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Mwanangu, kaka yangu aliuawa na ule mwisho wa migomba. Wewe una ishirini na tisa na umeshaingizwa kwenye tanuri lao. Hamfanani.

Kwa wazazi wa Jovina nimekwenda. Nimesema kampuni yenu ina ukaguzi wa mwisho wa mwaka na karani haruhusiwi kutoka. Nimedanganya nikiwa mwenyekiti wa jumuiya, na siku za Majilio. Padri akiniuliza nitamtaja aliyenituma.

Ila Jovina hakuamini. Alinisindikiza hadi barabarani. Kisha akasema, "Shangazi, kama hanitaki, aniambie yeye." Mwambie ukweli, Fortu. Siwezi kuendelea kumtazama usoni.

Hicho kipimo cha nyama ni lini? Nakuombea.

Shangazi


Batsinda, Kigali
16 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Habari za Baba nilizifikisha. Dokta Kayitesi aliziandika zote, akasema nikushukuru.

Kipimo cha nyama kimefanyika. Wanatumia picha kuongoza sindano mpaka kwenye uvimbe, nawe unaisikia tu kama mtu anayebonyeza stepla. Majibu yametoka jana. Wanasema wamekuta tishu ya kawaida ya tezi dume. Ya kawaida! Uvimbe ni mkubwa kuliko ngumi, na sindano inarudi na kitu cha kawaida. Maana yake sindano imekosa, na kilichojificha bado kimejificha. Sasa wanataka kunipasua watoe chote. Daktari wa upasuaji amesema sehemu hiyo ina mishipa ya uzazi, watajitahidi kuilinda, lakini ahadi kamili hawezi kunipa.

Nimefikiri kwa utulivu. Mzigo wenye mashaka hauachiwi uende kwa mwenyewe, unabaki bandani. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Jovina. Mpe, tafadhali. Usiongeze neno lako.

Fortunatus

*

Jovina,

Natumaini hujambo, wewe na wanafunzi wako. Kwa sababu zilizo kwangu na zisizo kwako, nakuomba ujihesabu huru. Mahari isirudishwe. Watu wakiuliza, sema kosa ni langu. Hujanikosea kwa lolote, na senene, nimeambiwa, zilikuwa nzuri sana.

Fortunatus Protas


Kamachumu
21 Desemba 2024

Fortunatus,

Karatasi yako nimeipata. Umenisainia jina lako na la baba yako, kama unajaza fomu ya pasipoti.

Shangazi alitii. Hakuongeza neno. Alinipa karatasi yangu, akaweka na barua zako nyingine zote mezani, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe ana majani ya wiki nzima. Usimkasirikie. Nimezisoma zote.

Kwanza nililia. Kisha nikakasirika, na hasira ndiyo ninayoandikia. Tangu mwezi wa kumi na moja nilijua kuna mwanamke. Nilikuwa nimeshamchagulia hadi sura, mrefu, ana gari, anaishi kwenye hizo nyumba mpya za Kinyinya unazosema hazimaliziki kujengwa. Kumbe nilikuwa nagombana na kitu kilicho nyuma ya kibofu chako. Ungeniambia, ningelala.

Sasa naomba nikuulize kama mwalimu. Mama daktari alikuambia nini kwa mdomo wake? Katika barua zote hizi sijaona hata sentensi yake moja kuhusu picha ile. Kuna mstari wa mwisho wa karatasi, kuna sindano, kuna mawazo yako. Yeye aliyeitazama picha yuko wapi? Ulimwuliza? Au ulishukuru ukatoka, kama ulivyofanya siku ya kujitambulisha kwa baba yangu, ukasahau mpaka kofia?

Kwenu forodhani mzigo ambao haujathibitishwa ni wa mashaka. Kwetu shuleni mtoto ambaye hajafanya mtihani hajafeli. Rudi kwake. Kaa kwenye kiti. Soma karatasi yako kuanzia juu, na umwulize kwa nini "kawaida" ni habari mbaya. Kisha uniandikie mimi, si Shangazi.

Kuhusu kuwa huru, kwa mila mimi sasa ni wa Mutabazi, kwa kuwa ndiye aliyekula. Mwambie nangoja kitenge.

Jovina


Batsinda, Kigali
3 Januari 2025

Jovina,

Nimerudi kwake. Nimekaa kwenye kiti.

Dokta Kayitesi aliifungua picha kwenye kompyuta, akanivutia kiti karibu. Nilidhani nitaona kitu cheusi chenye mizizi. Niliona kitu kama sega la nyuki, vyumba vingi vidogo vyeupe, vimetenganishwa na kuta nyembamba. Alisema, "Huu weupe ni maji. Sasa tazama ukingo wake." Akaufuata ukingo kwa ncha ya kalamu, pole pole, kuuzunguka wote. Ulikuwa laini, kama wa yai. "Saratani ninazoziona mimi," alisema, "huwa zinakula jirani zao. Hiki kimesukuma kibofu, kimesukuma utumbo, lakini hakijala mtu."

Nikamwuliza swali lako. Akanitazama kwa mshangao. "Fortunatus, 'kawaida' ndiyo habari niliyokuwa naiombea! Kuna uvimbe wa nadra sana usio saratani, unaojengwa na tezi dume yenyewe, vyumba kwa vyumba. Ukiuchoma sindano, unatoa nini? Tezi dume ya kawaida." Na damu iko juu, kasema, kwa sababu kuta za vyumba hivyo zinatengeneza kilekile kinachopimwa.

Nikamwuliza kwa nini basi hakuandika hivyo. Akasema ameandika. Mstari wa kwanza kabisa.

Nilitoa simu nikasoma. Upo.

Lakini aliniambia pia kwamba yeye mwenyewe aliusoma uvimbe huu chuoni na hajawahi kuuona kwa mtu mpaka mimi, na kwamba picha inamwonyesha umbo, maji na kuta. Jina la hakika litatoka kwenye darubini, uvimbe wote ukishatolewa. Kwa hiyo sina hakika bado. Nina matumaini yenye sababu, jambo ambalo sikuwa nalo.

Nalazwa Jumanne. Na lile la mishipa ya uzazi bado liko palepale. Huenda mambo yakawa sawa, huenda tukahitaji msaada wa madaktari kupata mtoto. Nimeliandika katikati ya barua, si mwishoni, ili ulisome.

Naogopa, Jovina. Lakini sasa naogopa kitu chenye ukubwa wake.

Fortunatus


Kigali
8 Januari 2025

Dada Jovina,

Mimi ni Mutabazi, ile mtu alikula senene yako. Fortu iko nalala, mkono yake iko na dripu, ameniambia niandike kabla hajalala. Operesheni imeisha jana. Imechukua muda murefu, mimi nilikuwa inje nakunywa chai na naharibu kofia yangu na mikono. Daktari ametoka amesema imetoka yote muzima, haijapasuka, na ile mishipa wameiacha mahali yake. Sasa wamepeleka hiyo kitu kwa mikroskopi, tungoje.

Alipoamka neno ya kwanza ameuliza karatasi ya lori ya jana kama nimeweka sahihi. Nikajua atapona. Muuguzi akamuambia "humura," ni kusema usiogope, akajibu "asante, nitajaribu." Muuguzi alicheka mupaka akakaa.

Dada, hiyo mambo ya mila yenu hapana mutu aliniambia. Mimi niko na bibi na watoto wawili hapa Batsinda, akisikia nimeoa kwa sababu ya kopo ataniua na mwiko. Nanunua kitenge, nakurudisha kwa Fortu kwa amani. Unisamehe. Lakini ilikuwa tamu.

Mutabazi


Batsinda, Kigali
24 Januari 2025

Jovina,

Darubini imesema. Si saratani. Ni ule ule wa vyumba, kama Dokta Kayitesi alivyouona kwenye picha. Ameomba ruhusa picha zangu awafundishie madaktari wengine, bila jina langu, ili kijana mwingine asikae kwenye ngazi za duka. Nimekubali.

Nitapigwa picha tena baada ya miezi kadhaa, maana uvimbe wa aina hii ukiachwa kipande unaweza kuota upya. Walitoa wote, lakini wataangalia. Mpira umetolewa. Siku ya kwanza nilipokojoa mwenyewe nilitoka chooni nikitaka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu isipokuwa mama mwenye nyumba, nikamwambia "mwaramutse," yaani habari za asubuhi, kwa sauti kubwa saa tisa mchana.

Kwa lile la mtoto, daktari wa upasuaji amesema dalili ni nzuri lakini nisubiri. Hilo ndilo lote analolijua, na ndilo lote ninaloweza kukuambia.

Ile karatasi ya Desemba naifuta, kama bado inafutika. Kama haifutiki, nitaelewa, wala sitauliza mara mbili.

Pamoja na barua hii dereva anakuletea kitenge, cha kijani chenye maua ya njano. Mutabazi amekinunua mwenyewe na kukifunga mwenyewe. Alinikabidhi mbele ya ofisi nzima, akasema, "Chukua bibi yako, mimi nimeshiba."

Msalimie Shangazi. Na ule uongo wa ukaguzi, Padri asimwulize.

Fortunatus


Kamachumu
30 Januari 2025

Fortu,

Barua yako nilimsomea Shangazi jikoni. Nilipofika kwenye "si saratani" alinyanyuka, akaenda peke yake mpaka mwisho wa migomba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliosha mikono na kusema, "Endelea."

Nimesoma na lile la mtoto. Tutakwenda wote wawili kumwuliza huyo daktari, kisha tutajua la kufanya. Mimi ni mwalimu wa darasa la watoto sabini, hofu yangu ya nyumba tupu si kubwa kama unavyoidhani.

Kitenge kimefika. Ni kizuri, lakini ni cha Mutabazi, sikivai. Nimempa Shangazi, na Jumapili aliingia nacho kanisani kabla ya kila mtu.

Changu sijakipata. Huku mvua za masika zikianza barabara ya Muleba huwa mbaya, kwa hiyo uje kabla. Usimpe dereva. Ulete mwenyewe.

Msimu wa senene umekwisha, lakini kopo moja nililificha darini tangu Novemba, nikiwa na hasira. Nilisema nitakula mwenyewe siku utakayomwoa yule mwanamke wa Kinyinya. Bado lina kifuniko chake.

Jovina